Ng'ombe Hazikuambiwa

Kazi ya asubuhi ku fromagerie ya Noël, nyumba ya kutengeneza jibini, ilikuwa inaanza wakati ukungu haujaamua kama utashuka bondeni ao utabaki kulala mulimani. Evode alikuwa anapanda njia ya matope na buti za kaucho, mikono mufukoni, akitukana polepole kila jiwe alilokanyaga. Diplome yake ilibaki Sake kwa mama yake, ndani ya plastiki, chini ya godoro, mahali ambapo panya peke yao njo walikuwa wanaisoma. Licencié en développement rural, avec distinction: digrii ya maendeleo ya vijijini, na sifa juu. Développement gani? Rural gani? Mwisho wa masomo yote yale muntu anafungua mulango wa nyumba ya mbao, anawasha moto, anangojea maziwa.

Na kazi yenyewe, hata mbuzi angeielewa kama angekuwa na subira. Muzee Straton anakamua ng'ombe ndani ya zizi, pale nyuma. Mukasine, binti yake, anashika ndama. Ju ng'ombe za mulima ule zina kiburi: haziachi maziwa kama hazimuoni mutoto wao. Basi ndama ananyonya kidogo, maziwa yanashuka, halafu anavutwa na kamba na kushikiliwa mbele ya macho ya mama yake mpaka ndoo ijae. Mukamuaji bila mushika kamba ni kama pasteri bila sadaka: atapiga magoti bure. Ndoo zikifika, Evode anachuja, anamwaga mu sufuria kubwa, anatia présure ya kugandisha, wanakata, wanakandamiza mu forme za kuipa umbo, wanaweka mawe juu. Kesho yake wanageuza fromage. Kesho kutwa wanageuza tena. Ile njo carrière, kazi ya maisha.

"Licencié!" Straton alikuwa anamusalimia kila asubuhi toka chini ya ng'ombe, bila kugeuka. "Leo unatufundisha nini?"

"Leo nawafundisha kunyamaza, Muzee."

"Aa, leçon ile utaifaulu weye wa kwanza."

Na alikuwa anacheka, kicheko kifupi kama kikohozi. Mukasine naye anacheka, kamba mukononi. Evode aliwadharau wote wawili, na ile furaha yao ya bure, na ule mukono wa kuume wa Muzee uliokosa kidole cha katikati, kilichokatwa zamani na kamba ya dume. Vidole vilivyobaki vilikuwa vinakamua kama vimesahau kwamba kuna ndugu yao aliyepotea.

Lakini dharau nzuri, ile ya kweli, Evode aliiwekea patron. Noël alikuwa diacre, shemasi wa kanisa, alikuwa na tumbo, alikuwa na pete ya dhahabu yenye jiwe kubwa kama jino la dume, na Kifaransa chake kilikuwa kinatembea bila viatu. Watu walimuita Papa Noël. Papa Noël wa wazungu anapitisha zawadi ku cheminée, bomba la moshi. Huyu wetu alikuwa anachungulia ku cheminée kuona kama mufanyakazi haonji fromage. Samedi ile, jumamosi, kijana wake alikuwa anaoa Goma. Mulima muzima ulikuwa umesikia habari ya harusi mpaka masikio yakachubuka: salle kubwa ya karamu, vidéo, gari za kukodi, na meza moja ndefu ya fromage za shamba, "production ya mimi mwenyewe", wakati mikono yake haijawahi kugusa hata mukia wa ng'ombe.

Lundi ya wiki ile, jumatatu, Mukasine alikuwa ameshuka Sake kumuuguza shangazi yake. Evode alifika, akawasha moto, akangojea. Hakusikia ile sauti ya maziwa yanapopiga ndoo. Akangojea tena. Ukungu ulikuwa umesimama ku mulango kama mugeni asiyejua kubisha. Mwisho akaenda zizini, matusi yakiwa tayari mudomoni.

Straton alikuwa ameketi ku kiti chake kidogo, paji la uso likiegemea ubavu wa Bihogo, ile ng'ombe nyekundu inayotangulia zingine. Ndoo katikati ya magoti. Nusu. Ndama alikuwa amefungwa ku muti, analia. Evode aliita, kisha akagusa bega, na bega lilikuwa gumu na baridi kama ubao. Mikono ya Muzee ilikuwa bado imeshika chuchu. Bihogo haikuwa imesogea hata hatua moja. Ilikuwa inatazama mbele, na haikuwa inacheua.

Noël alishuka toka nyumba yake ya juu na pyjama na kofia. Aliangalia ndoo kwanza. Baadaye njo akaangalia maiti.

"Nani ameona?"

"Miye tu, Patron."

"Voilà." Noël akajifuta jasho, na baridi yote ile. "Basi hajakufa. Atakufa dimanche, harusi ikiisha."

Hapa inapaswa kuelewa kitu ambacho kila mutoto wa kilima kile anakijua mbele ya kujua kuhesabu. Mukamuaji akifa, ng'ombe zinaambiwa. Mbele ya kumuzika, muntu anaingia zizini, anaweka mukono ku mugongo wa ng'ombe inayotangulia, anasema: fulani amelala, mikono yake imechoka, kuanzia leo ni fulani. Unataja anayeondoka, unataja anayekuja. Maziwa ya siku ile yanamwagwa chini, na mpaka kilio kiishe hakuna fromage, hakuna ngoma, hakuna harusi inayotoka ku nyumba ile. Na kama ng'ombe hazikuambiwa? Wazee walikuwa hawaelezi sana. Walikuwa wanasema tu: anaendelea na kazi.

Evode aliijua vizuri. Bibi yake alimufanya asimame zizini, akiwa bado na kamasi, siku babu alipokufa. Noël pia aliijua, na njo sababu alitaka midomo ifungwe. Diacre muzima, bwana! Dimanche anapiga kelele dhidi ya mizimu, lundi anaificha maiti ili mizimu isimuharibie gâteau ya harusi.

"Patron, binti yake..."

"Binti yake tutamuambia nimemutuma Hombo, kule Walikale, anapeleka dume kwa wachinjaji wanaolisha wachimbaji wa dhahabu wa Omate. Kule hakuna réseau ya simu. Dimanche tunatangaza, tunalia vizuri, nanunua hata sanduku." Kisha akashusha sauti, akamushika Evode bega. "Na weye, Licencié, ile CV yako. Beau-frère wangu wa ONG, yule shemeji wa shirika, atakuwa ku harusi. Nitamuambia: huyu ni kijana wa discrétion, anajua kufunga mudomo."

Discrétion. Neno zuri. Linaingia mudomoni kama asali na linatoka nyuma kama vile kila kitu kinavyotoka. Evode alifikiria bureau yenye ventilateur, jeep nyeupe, badge shingoni. Akamushika Muzee miguu, Noël akashika mabega. Walichimba nyuma ya zizi, pale ambapo kwato zinakoroga matope kila siku na hakuna muntu anayeweza kujua kama udongo umefunguliwa. Noël aliomba mbiombio, kama muntu anayesoma maandishi madogo ku sanduku ya dawa.

"Na ng'ombe, Patron?"

"Weye licencié muzima unaniuliza habari ya ng'ombe?"

Evode akacheka. Ndiyo, alicheka. Nyuma yao Bihogo ililia mara moja, sauti ndefu, kama inaita muntu mbali.

*

Mardi, kesho yake, Zéphyrin, mulinzi wa usiku, alipewa kazi ya kukamua. Evode alipofika, ndoo zilikuwa tayari ku mulango, zimejaa, zimefunikwa na majani ya mugomba. Safi. Bila hata nywele moja. Akawaza: kumbe yule muvivu ana mikono! Akaingiza kidole kupima. Maziwa ya asubuhi yanatoka na joto la tumbo la ng'ombe. Yale yalikuwa baridi kama maji ya mutoni.

Mukasine alirudi siku ile na motari wa pikipiki toka Sake. Alisikiliza hadithi ya Hombo, kitenge begani, akitazama ukuta wa jikoni. "Papa ameenda mu pori ya Walikale, mvua yote ile," akasema, "na koti yake iko inaninginia pale?"

Evode akasema ndiyo, alikuwa na haraka. Uongo mubaya, wa mutoto wa shule ya primaire. Binti akaukubali, ju ulitoka kwa muntu aliyesoma.

Mercredi, kesho yake tena, koti haikuwa ku musumari. Chini yake kulikuwa na maji, na matope meusi ya zizi.

Asubuhi ile waligeuza fromage ku mbao. Mukasine ndiye aliona. Ku ngozi ya kila fromage, laini bado, kulikuwa na alama ya mukono, kama muntu aliikandamiza kwa kuijaribu. Kidole gumba. Cha pili. Pengo. Halafu viwili.

"Papa amepita hapa," Mukasine akasema, akitabasamu. "Amerudi lini?"

"Zile za zamani," Evode akajibu.

"Za zamani? Hii tumeiweka forme jana."

Evode alitoka nje kuvuta hewa. Zéphyrin alikuwa ameketi ku kuni, anafunga kitambaa ku goti.

"Zéphyrin, ndeko, unakamua vizuri. Lakini kwa nini unaacha maziwa yapoe?"

"Miye?" Zéphyrin akamutazama kama unavyotazama mulevi. "Bihogo ilinipiga teke mardi, ona goti. Sijagusa hata chuchu moja. Ndoo nazikuta ku mulango. Miye nilisema: kumbe licencié amejua kazi ya wanaume!"

Walitazamana. Kicheko cha Zéphyrin kikakatika. Akashusha sauti mpaka ikabaki pumzi tu.

"Kaka. Muzee iko wapi?"

"Hombo."

"Sawa. Hombo." Akasimama na goti lake bovu. "Basi miye nitalinda upande wa barabara. Upande wa zizi, mulinde weye na Hombo yako."

*

Jeudi, siku ya nne, Mukasine alifika ku sufuria amechelewa, macho mekundu, na alikuwa anasugua kiganja ku kitenge.

"Papa ananiita," akasema.

"Umeota."

"Nilikuwa macho. Nilikuwa navaa buti. Iko nje ya dirisha, anasema vile anasemaka siku zote: Mukasine, shika ndama. Polepole, kama hataki kuamusha watu. Nikatoka. Ukungu tu. Leo alinifikisha ku mulango wa zizi, kaka Evode. Sijui kwa nini niligeuka. Nafikiri ni jogoo aliyewika."

Evode aliona kiganja chake. Kilikuwa na mustari mwekundu wa kamba, katikati, wa kuchubuka.

Basi pale muntu mwenye akili angesema. Maneno matatu tu: papa yako amekufa. Hayahitaji distinction. Lakini Evode alikuwa na samedi kichwani, na beau-frère, na jeep nyeupe. Alijua kabisa kinachotafutwa. Aliyekufa anaendelea na kazi, na kazi ile haifanywi na muntu mumoja: anatafuta mushika kamba. Alijua, na akatia présure, na akakoroga.

Alipanda tu kwa Noël. Alimukuta mbele ya kioo, anajaribu costume ya vipande vitatu, fundi amepiga magoti anapima suruali.

"Patron, tumuambie binti. Anamuita. Akimushikia ndama mpaka ndoo ijae, hatarudi kwa wazima."

"Nani anamuita?" Noël akavuta tumbo ndani. "Samedi, Evode. Samedi tu. Muzee alikuwa mupole sana, hawezi kumudhuru mutoto wake ndani ya siku mbili." Kisha akamugeukia fundi. "Hapa inabana."

Vendredi, kesho ni harusi, Evode alifika mapema kuliko siku zote. Moto ulikuwa umewashwa. Hakujua na nani. Mulango wa chumba cha Mukasine ulikuwa wazi, buti zake ziko pale, zimesimama sambamba.

Halafu akasikia.

Maziwa yanapiga ndoo. Tsii. Tsii. Tsii.

Akaenda. Hakukimbia. Ukungu zizini ulikuwa muzito mpaka ng'ombe zilikuwa pembe tu. Zote zimesimama. Zote zinatazama upande mumoja. Hakuna iliyokuwa inacheua.

Mukasine alikuwa amesimama miguu mitupu ndani ya matope, kamba imezungushwa mukononi, ndama ametulia mbele yake. Macho yake yalikuwa wazi na hayakuwa na muntu ndani. Midomo ilikuwa ya bluu. Na chini ya Bihogo kulikuwa na koti. Koti ile. Ilikuwa imejaa mugongo. Kichwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe. Mikono ilikuwa inashuka na kupanda, mupole, kwa kupokezana, na udongo ulikuwa unaanguka toka mikono mpaka ndani ya maziwa.

Ndoo ilikuwa karibu kujaa.

"Kaza kamba, binti yangu," koti ikasema. "Inabaki kidogo."

"Mukasine," Evode akanong'ona. Bure. Akamushika mukono, baridi ya mukono ule ilimupanda mpaka begani. Akavuta kamba. Vidole vya binti havikufunguka. Akavifungua kimoja kimoja, na kamba ikabaki kwake, ndama akarusha kichwa, na Evode akaikaza bila kufikiri, vile alivyoona ikifanywa asubuhi zote zile alizokuwa anadharau.

Akanyoosha mukono mwingine, akauweka ku mugongo wa Bihogo.

"Bihogo. Straton amelala." Sauti ilikuwa ya mutoto. Ya yule mutoto mwenye kamasi. "Mikono yake imechoka. Kuanzia leo ni..."

Jina. Inahitajika jina. Muntu wa heshima angetaja la kwake. Lilifika mpaka ku meno, likaogopa. La Zéphyrin lilifuata, na watoto wake wote nyuma yake kama bata. Mikono ile ya udongo ilikuwa inaendelea, tsii, tsii, na povu lilikuwa limegusa ukingo wa ndoo.

"Noël!" Evode akapiga kelele. "Kuanzia leo ni Noël! Yule pale juu, mwenye pete!"

Mikono ikasimama.

Kisha, toka ndani ya koti, bila kugeuka, kikatoka kicheko. Kifupi. Kama kikohozi.

"Licencié," ikasema. "Kumbe unaijua leçon."

Na koti ikashuka chini, tupu, kama nguo iliyoanguka ku kamba ya kuanikia.

Bihogo ilipiga mukia. Ikaanza kucheua. Nyuma yake, zote.

*

Mukasine alizinduka akitetemeka. Evode alimuambia yote, pale pale, kamba bado mukononi. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Alipiga ndoo teke, maziwa yakaingia mu matope, kisha akamupiga Evode kofi lililosikika mpaka barabarani.

"Tangu lundi," akasema. "Mardi nimechuja maziwa yake. Mercredi nimeweka chumvi ku alama ya mukono wake, nikafurahi. Na weye unanitazama." Akaokota koti, akaikumbatia na matope yake yote. "Nilikuwa naona haya kusema Kifaransa mbele yako, unajua? Nilikuwa nadhani kuna kitu kiko ndani yako."

Alishuka Sake siku ile kuita ndugu zake waje kumutoa Muzee matopeni na kumuzika kama muntu. Hakugeuka nyuma.

Noël pia alishuka toka nyumba yake, mu costume, viatu vya kung'aa, akakuta maziwa chini na habari mudomoni mwa kila muntu. Alimutukana Evode kwa lugha zote alizokuwa nazo, yaani moja na nusu. Alimufukuza kazi. Aliposikia jina lililotajwa, akacheka mpaka pete ikapiga tumbo.

"Umenitaja miye? Kwa ng'ombe? Basi ziandike barua, ziniombe congé ya kupumzika!" Akapakia fromage mu jeep, zile zenye vidole, akamuambia Zéphyrin apande nyuma azishike, akaenda kuozesha mutoto wake.

Yaliyotokea Goma, Zéphyrin ndiye aliyarudisha. Salle ilikuwa imejaa wakubwa wanaokula kama wamefunguliwa toka jela. Walisifu fromage. Mama mumoja wa kilemba alisema ina goût, ladha ya zamani, ya kweli, ya kwetu. Noël akasimama kutoa discours, hotuba yake. Alipofika ku "mes chers invités", wageni wangu wapenzi, mikono yake ikaanza. Kushuka, kupanda, kwa kupokezana, hewani, mbele ya tumbo. Watu walidhani anacheza. Walipiga makofi! Orchestre ikamufuata. Yule beau-frère wa ONG akasimama kabisa, akaiga ile danse, naye mikono inashuka na kupanda. Noël alikuwa anawatazama, na uso wake ulikuwa unaomba msaada, na hakuna hata mumoja kati ya wasomi wale wote aliyejua kusoma uso. Toka mikono ya shati yake ya hariri kulikuwa kunatonya kitu cheupe.

Dimanche asubuhi, kesho yake ya harusi, saa ambayo watu wa kazi wanapanda kilima, walimukuta mu chambre ya hoteli. Ameketi ku ukingo wa kitanda, bado na costume, paji la uso likiegemea ukuta. Mikono imekunjwa hewani, katikati ya magoti. Mulango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na barrière za askari ku njia ya Masisi, ile inayotoka shambani, zilikuwa zimefungwa usiku kucha, hata pikipiki haikupita. Viatu vyake vya kung'aa vilikuwa vimejaa mavi ya ng'ombe, mabichi, yanatoa moshi.

Walimuzika Goma. Kaburi la ciment na carreaux, chorale mbili, discours mpaka jua likachoka. Wanawe ni watu wa mujini. Hawajui hata mulango wa zizi unafungukia upande gani. Hakuna muntu aliyepanda kilima. Hakuna aliyeweka mukono ku mugongo wa Bihogo.

Ng'ombe hazikuambiwa.

Zéphyrin alikimbia kazi wiki ile ile. Mbele ya kuondoka aliona ndoo ku mulango, zimejaa, mbovu mbovu, maziwa yamemwagika njiani kama yamebebwa na muntu asiyezoea. Ku fromage za mwisho, zilizobaki ku mbao, kulikuwa na alama mpya. Vidole vyote. Na ku kidole kimoja, tundu la jiwe kubwa kama jino.

Evode iko Sake, kwa mama yake. Hana kazi. Ile si habari, nusu ya avenue iko vile, na diplome zao. Analala mapema, anafunga masikio na pamba, lakini kila alfajiri, mbele ya jogoo, nje ya dirisha kunapita sauti nzito yenye haraka, na Kifaransa kisichokuwa na viatu:

"Licencié! Tenir le veau! Shika ndama!"

Anaweza kupanda kule na kuzisemesha ng'ombe. Njia haijafungwa kila siku. Lakini akitaja anayeondoka, atapaswa kutaja anayekuja, na siku ile aliyesimama pale na kamba mukononi alikuwa nani? Amezunguka majina yote anayoyajua na kuyachukia, na ni mengi. Kila mara linalofika ku ulimi ni lile lile moja, lile lililoogopa ku meno.

Mama yake hamuulizi kitu. Anafua mashati, anatoa nywele nyekundu za ndama mu mikono ya shati, anatupa. Anapaka mafuta ya ng'ombe ku kiganja cha mutoto wake, pale penye mustari. Usiku anafunga mulango yeye mwenyewe, anavaa ufunguo shingoni, anaulalia.

Leo asubuhi ameamuka, ufunguo uko shingoni, mulango umefungwa. Evode amelala kitandani, miguu yake imejaa matope mpaka magoti. Na ku kizingiti, ndani, kuna kamba. Mama ameishika. Upande wa fundo, ilikuwa bado na joto la shingo ya ndama.